Mgongo wa Orville Tesch

Mimi ndiye niliyemmulika Orville Tesch. Nalisema mapema kwa sababu hapa Hollywood kila mtu atakwambia yeye ndiye aliyemtoa fulani gizani, na wengi wao ni waongo. Mimi nilikuwa mtu wa taa kwenye studio ya Bwana Dorn, Mtaa wa Gower, pale ambapo wenye studio kubwa walipabatiza Mtaa wa Walalahoi. Shule niliiacha mapema, na mwalimu wangu alifurahi kuliko mimi. Lakini nipe taa moja na ukuta wa mbao, nitakutengenezea asubuhi ambayo jua lenyewe litaona aibu kuchomoza.

Orville alikuwa mjazaji. Mjazaji ni yule anayekaa nyuma kwenye picha, anakunywa chai kavu kwenye glasi ya mvinyo, ili hoteli ionekane ina wateja. Walikuwepo wengi kama utitiri, na wote walikuwa wanataka kitu kimoja, kamera iwaone. Utamkuta mmoja anapenyeza shavu, mwingine ananyoosha shingo kama bata, mwingine anapiga chafya makusudi katikati ya mazishi. Orville peke yake ndiye aliyekuwa anaikimbia kamera. Na ndiyo maana yeye peke yake alikuwa na kazi kila wiki.

Ngoja nikueleze hapo, maana nje ya kazi yetu watu hawaelewi. Mjazaji akishaonekana uso vizuri, sisi tunasema uso wake umeungua. Watu wamemwona hotelini anakula na mke wake, basi huwezi tena kumpeleka mahakamani akakae na wazee wa baraza. Watazamaji watasema, huyu si yule wa hotelini? Anarudishwa nyumbani, anatafutwa mwingine. Lakini mgongo hauungui. Mgongo wa Orville, ndani ya picha moja tu, ulicheza dansi, ukashtakiwa kwa wizi, ukahudhuria mazishi ya yule yule aliyeushtaki, halafu ukapanda treni kwenda fungate. Bwana Dorn alikuwa anampenda kuliko wakwe zake. Tena alikuwa na suti yake mwenyewe ya mkia, ile ya karamu za wakubwa, aliinunua kwa mzishi mmoja wa Pasadena aliyekuwa anastaafu, kwa hiyo studio haikuwa na haja hata ya kumvalisha.

Na ulikuwa mgongo kweli. Mimi si mtu wa kusifia migongo ya wanaume, nina heshima zangu, lakini ule ulikuwa kitu kingine. Mabega yamelala sawa kama rafu iliyopigwa na fundi ambaye hajalewa. Shingo imesimama. Ukimwona kwa nyuma unasema huyu balozi, amekuja kutangaza vita kwa adabu. Akigeuka tu, unamkuta Orville. Macho yamepauka, nyusi huzioni, uso wote kama mkate uliotolewa kwenye tanuri kabla ya wakati wake.

Tulikuwa tunapanga nyumba moja, kwa Bi Agnes Rooney, nyuma ya dobi. Nilikuwa namtania kila asubuhi, namwambia leo shuka ngazi kinyumenyume basi, umpe mama mwenye nyumba raha. Hakasiriki. Kwao ni Iowa, mashamba matupu, na mtu wa Iowa hakasiriki, anatafuna yai lake la kuchemsha mpaka wewe uchoke.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa mama yake.

Bi Hulda Tesch alikuwa mjane, mwanamke wa kanisa na nguruwe, sijui kipi alikianza. Orville alipoondoka kwao alimwambia anakwenda kuwa mwigizaji. Mama naye akawaambia waumini wote. Basi kila picha ikifika mji wao, Bi Hulda anawakusanya, wanajipanga viti vya mbele, wanakodoa macho mpaka taa zinawashwa. Wanatoka na shingo zinauma, Orville hawajamwona. Anaandika kuuliza, mwana anajibu kwamba kile kipande chake walikikata. Picha inayofuata, walikikata tena. Ikawa kama studio zote za Hollywood zina mkasi mmoja tu na umeelekezwa kwa Orville.

Mwisho mama akachoka. Goti lilikuwa linamsumbua, akaamua kuhamia kwa dada yake Minna, huko Long Beach, kwenye joto. Akamwambia Orville kwamba picha yake inayofuata ataitazama kwa macho yake mwenyewe, wamekaa kiti kwa kiti. Akimwona humo, vizuri, atawakabidhi nguruwe kwa shemeji. Asipomwona, Orville anafunga mizigo anarudi Iowa kuwalisha.

"Labda anatania," nikamwambia.

"Mama?" Orville akasema. "Hata siku ya harusi yake hakucheka. Ipo picha."

Sasa nikupeleke kwenye hiyo picha inayofuata. Ilikuwa ya kuchekesha na kuimba, jina lake Busu la Nahodha Msaidizi. Kwa Bwana Dorn hatukuwa tunaanza na hadithi, ulikuwa ujinga huo. Tulikuwa tunaanza na mbao. Studio moja kubwa ilikuwa imejenga meli nzima, sitaha, dohani, maboya, kwa ajili ya picha ya watu wanaozama huku wanalia. Walipomaliza kuzama, Bwana Dorn akaikodi ile meli kwa siku chache kabla haijavunjwa. Hadithi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya hoteli ya milimani, watu wanateleza kwenye theluji. Mwandishi wetu akafuta neno theluji, akaweka bahari, akaenda zake kunywa. Ndiyo maana mpaka leo ukiitazama ile picha utamsikia bibi mmoja, katikati ya bahari, anamwambia mumewe awe mwangalifu mteremko una barafu. Hakuna aliyeuliza. Nani ana muda?

Nyota wetu alikuwa Desmond Fayre. Zamani alikuwa kwenye studio kubwa, akaanguka, na alipoanguka akatua kwetu. Sauti nyororo, nywele nyeusi za kung'aa kama kiatu cha polisi, na masharubu membamba kama yamechorwa na karani. Alikuwa na kioo chake cha mfukoni, na ukimwamkia anakuitikia humo humo kwenye kioo. Nyimbo zote alishaziimba kabla, zipo kwenye santuri. Siku ya kupiga picha santuri inachezwa, yeye anafumbua mdomo tu.

Siku ya mwisho ya meli, asubuhi, tukapata habari kwamba Desmond haji. Ana matumbwitumbwi. Ugonjwa wa watoto, mtu mzima na masharubu yake. Uso umevimba kama boga. Na sisi tulikuwa tumebakiza wimbo mkubwa wa mapenzi na busu lenyewe, lile lililoandikwa kwenye jina la picha. Wavunjaji walishafika. Walikaa ukingoni na mitaimbo yao magotini, wanakula sandwichi, wanatuangalia kama ndugu wa mbali wanaosubiri mgonjwa afe wagawane vyombo.

Mwongozaji wetu, Sid Lorber, alikaa juu ya boya akashika kichwa. Huyu alikuwa amesoma mpaka chuo, kila jambo analiita msiba. Bwana Dorn akashuka kutoka ofisini, mdomoni ana sigara yake nene ambayo haijawahi kuona kiberiti, aliogopa itaisha. Akauliza kama sauti ya Desmond ipo. Ipo, kwenye santuri. Akauliza kama Binti Pike yupo. Lorena Pike ndiye aliyekuwa mpenzi wa nahodha msaidizi. Yupo, anakata kucha.

"Basi kinachokosekana ni uso tu," Bwana Dorn akasema. "Picha hii ina nyuso za kutosha. Niitieni Mgongo."

Wakamvika Orville koti jeupe la Desmond, likamkaa kuliko lilivyomkaa mwenyewe. Fundi wa kupaka nyuso rangi akapewa amri amtengeneze kamili, isije ikaonekana pembe ya shavu ikaharibu. Akampaka nywele rangi nyeusi, akamchora nyusi, akambandika masharubu ya Desmond ya akiba. Nikamwambia Orville amefanana na Desmond akiwa ametoka kuoga. Alikuwa anajiangalia kwenye kioo kwa muda mrefu, yeye ambaye nilikuwa namjua anachana nywele kwa kukisia.

Halafu akanivuta pembeni, nyuma ya dohani.

"Leo nageuka, Gus," akasema.

Nikamwuliza kama ana homa. Nikamkumbusha kwamba uso ukiungua kwa Bwana Dorn hana chake tena, na wa studio za jirani watasikia, na huo mgongo utabaki wa kujikunia ukutani tu. Akasema yote anayajua. Akasema mama anafika Jumatano, na nguruwe wanaitwa kwa majina, na yeye hataki kuyajua hayo majina.

Akaniuliza jambo moja tu, akigeuka, usoni kutakuwa na mwanga?

Kuniuliza mimi hivyo ni matusi. Nikasogeza taa yangu kubwa, nikailegeza kidogo, nikaweka kitambaa chembamba mbele yake. Lorber hakuona, alikuwa bado kwenye msiba.

Santuri ikaanza. Binti Pike akasimama anatutazama sisi, mpenzi wake ametupa mgongo. Lorber akamwomba radhi kwamba mpenzi wake kwenye picha ataonekana kisogo tu.

"Usijali, Sid," akasema Lorena Pike. "Nimeolewa mara mbili. Nimezoea mwanamume wa upande huo."

Bwana, ule mgongo uliimba. Nakwambia na hutaniamini, lakini uliimba. Desmond akipandisha sauti kwenye santuri, bega la kushoto linapanda taratibu, la kulia linasita, kama lina mke nyumbani. Akishusha, shingo inainama kidogo na wewe unaona kabisa huyu mtu anaumia. Wale wavunjaji waliacha kutafuna. Mmoja alivua kofia. Nimewamulika waimbaji wakubwa, wengine walinipigia magoti niwafiche kidevu cha pili, lakini sijaona uso ulioimba kama mgongo ule.

Wimbo ukafika mwisho. Akamkumbatia Binti Pike, busu likapigwa, tulichokiona ni koti jeupe tu. Na hapo Lorber akiwa anafungua mdomo kusema kata, Orville akageuka. Akaitazama kamera. Akatabasamu, meno yote, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti ya peponi.

Lorber akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimegeuka," Orville akasema.

"Nani amekwambia ugeuke?"

"Hakuna."

Lorber akataka turudie. Mpiga picha akasema filamu iliyobaki haitoshi hata kupiga picha ya paka. Na wavunjaji, kwa kuwa wimbo ulikwisha, walishaanza kuigonga dohani. Ikabidi wote tumgeukie Bwana Dorn.

"Hiyo filamu imeshapita kwenye kamera?" akauliza.

"Imepita."

"Basi hiyo ni picha."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya studio yetu, na hatukuwa na nyingine. Kilichopita kwenye kamera hakitupwi. Tulishawahi kuacha ndani ya picha fundi anayetafuta nyundo yake kwenye chumba cha malkia, na gazeti moja likamsifu.

"Bwana Dorn," Lorber akasema, karibu alie. "Watu wamemwona Desmond nusu ya picha. Huyu si Desmond. Huyu ni mtu mwingine."

"Ana masharubu?"

"Anayo."

"Watu wanaangalia masharubu."

Lakini hakuwa mjinga, aliweka na kinga. Jumatatu wakamsimamisha yule mcheshi wetu, anayeigiza mpishi wa meli, mbele ya pazia, akasema maneno haya: "Nahodha msaidizi amebadilika sana tangu apendwe." Bwana Dorn aliitunga mwenyewe sentensi ile, na alikuwa anawasomea wageni kama aya ya Biblia. Kuhusu Orville, alimwambia bila hasira kwamba uso umeungua, na asikanyage getini mpaka usahaulike.

Basi picha ikatoka, na huko Long Beach ikawekwa kwenye sinema moja ya mtaani, baada ya picha ya studio kubwa, watu wakiwa wameshakula karanga zao na wanataka kwenda nyumbani. Ilikuwa mchana. Tulikwenda mimi, Orville, Bi Hulda, dada yake Minna, na sijui niseme Iowa nzima. Long Beach imejaa watu wa Iowa, wamekuja kufa kwenye joto na wamesahau kufa. Kila wiki wanakutana bustanini na masufuria ya saladi ya viazi. Bi Hulda aliwaambia wote. Walichukua safu za mbele, sisi katikati yao. Yeye alikaa kati yangu na Orville, kofia kichwani, mkoba magotini, hajaegemea kiti. Sinema nzima hakuegemea. Nadhani aliona kuegemea ni kukubali.

Akaanza kuonekana Desmond, anaimba, anapanda ngazi, anashuka ngazi. Bi Hulda akamwuliza Orville yeye yuko wapi. Subiri mama. Bibi wa mteremko akasema maneno yake ya barafu, na watu wa Iowa wakatikisa vichwa, kwao barafu ni jambo la kweli. Wewe uko wapi? Subiri mama. Orville alikuwa ameshika mkono wa kiti mpaka vidole vimekuwa vyeupe kuliko kawaida yake, na kawaida yake ilikuwa tayari nyeupe. Mimi mwenyewe nilianza kuwaona wale nguruwe.

Wimbo mkubwa ukaanza. Koti jeupe likajaa kwenye pazia la sinema.

Bi Hulda akamshika dada yake begani. "Minna," akasema, na hakunong'ona. "Huyo Orvi."

Orville akamgeukia. "Mama, umejuaje?"

"Nimeusugua mgongo huo kila Jumamosi mpaka umeota nywele. Halafu wewe ulipoondoka stesheni ulinipa nini, kama si mgongo huo huo? Nyamaza nisikilize."

Habari ikaenda safu kwa safu, huyo, huyo, wa koti, mtoto wa Hulda. Watu wa Iowa wakanyooka kwenye viti. Wimbo wote ule mama hakupepesa macho. Nilimwangalia kwa pembeni, taa ya picha inamwangukia usoni, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona mwanga mzuri ambao sikuuweka mimi.

Kisha busu. Kisha Orville wa kwenye picha akageuka, na Orville wa kwenye kiti akainama mbele, anasubiri.

Bi Hulda akakunja uso.

"Na huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

"Usinichezee. Huyu ana masharubu ya mwizi wa benki. Wamekutoa wamemweka huyu."

"Mama, nakuapia. Ni mimi."

"Orvi, mimi nimekuzaa. Utaniambia nini?"

Hapo mpishi akatokea kwenye pazia na kusema nahodha msaidizi amebadilika sana. Bi Hulda akaitika, umeona, hata wenyewe wanakiri. Halafu akanigeukia mimi. Aliniuliza kama ni mimi mtu wa taa. Nikasema ndiyo, kwa majivuno, nikasubiri sifa.

"Mwanangu umemmulika vizuri," akasema. "Lakini huyo mwizi ungemzimia taa."

Nikachukua kofia yangu, tukatoka.

Nje, kwenye ukumbi wa tiketi, watu wa Iowa hawakutaka kuondoka. Wakamzunguka Orville, wanamwangalia usoni, wanasitasita kwa adabu, wanaona uso wa mkate. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya pole kwamba hana uhakika. Bi Hulda hakubishana naye. Alimshika mwanawe mabega yote mawili, akamgeuza aelekee ukutani, kama anavyogeuzwa fahali kwenye maonyesho ya kilimo ili waamuzi wamwone nyonga.

"Simama, Orvi," akasema. Kisha akawaambia, "Haya."

Wakatazama. Yule mzee akavaa miwani. Akarudi hatua, akasogea, akampapasa bega. "Ndiye," akasema, na wote wakakubali, ndiye hasa. Wanawake wakaanza kupanga mstari nyuma yake, kila mmoja apate kumpapasa. Orville amesimama, pua karibu inagusa tangazo la picha, na kwenye tangazo hilo yupo Desmond Fayre anatabasamu na masharubu yake. Nikasikia Bi Hulda anamwambia Minna kwamba nguruwe wapewe shemeji, naye shemeji aandikiwe kesho.

Tukarudi kwa tramu, mimi na Orville. Ndipo akaniuliza uso wake ulitokaje.

"Ulitoka vizuri sana," nikamwambia. "Ila wewe hukuwemo."

Alicheka. Mara ya kwanza namsikia. Jumatatu akaenda getini bila rangi na bila masharubu, na mlinzi aliyepewa amri ya kumzuia akamwangalia usoni, hakumkumbuka. Akamwambia ageuke. Alipogeuka akamfungulia, akasema, Mgongo ulikuwa wapi, wanakutafuta, kuna mazishi.

Akaendelea hivyo miaka na miaka, anacheza dansi, anashtakiwa, anapanda treni. Bi Hulda hakukosa picha hata moja. Kila Krismasi Bwana Dorn alikuwa anatupa karamu ndogo ndani ya mapambo yoyote ya picha yaliyokuwepo, mwaka ule wa meli yalikuwa ya gereza, na Orville akamleta mama yake. Desmond Fayre naye alikuja, amepona, ana kioo chake. Sasa usicheke kabla sijamaliza. Desmond alikuwa ameshaitazama ile picha, tena si mara moja, na ule uso wa mwisho aliamini ni wake. Alinilaumu mimi, akasema nimemmulika ovyo, nimempausha.

Bi Hulda alipoyaona yale masharubu alimwendea moja kwa moja, mkoba mkononi.

"Wewe," akamwambia. "Mwanangu alikuwa anaimba vizuri kabisa mpaka ulipojiingiza."

Desmond akamtazama yule mama, akamtazama Orville, akakitazama kioo. Sijui alielewa nini. Akafunga kioo chake, akasema, "Samahani, mama," na akaenda kutafuta kinywaji upande wa pili wa nondo.